Vishikwambi vya shule na usalama wa watoto mtandaoni

Mwalimu, Kisumu: Wenzangu, vishikwambi tulivyopewa katika mpango wa serikali ulioanza 2016 tumeviunganisha na intaneti, na juzi mwanafunzi wa gredi ya 5 aliombwa picha na mtu asiyemjua. Tuanzie wapi?

Mzazi, Nakuru: Pole, Mwalimu. Msiufute ujumbe huo, kwani ndio ushahidi. Pigeni 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto, kisha mripoti kwa polisi.

Mwalimu, Kakamega: Sisi huwasha intaneti wakati wa kipindi pekee. Tena, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, hivyo msiwafungulie akaunti kimyakimya.

Mwalimu, Kisumu: Ahsanteni. Ujumbe bado upo. Mzazi wake tutamwita kesho.