Binti yangu anapokea komunyo ya kwanza, kaniuliza "mama mbona wewe hupokei?"

mama_binti_Tabata
Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Naombeni ushauri maana hili jambo nimekaa nalo wiki ya pili sasa silali vizuri. Nina binti wa miaka 10 yuko la nne, toka mwaka jana yuko kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza hapa parokiani, kila jumamosi asubuhi, hata mvua inyeshe haachi. Sala zote anazo kichwani, Nasadiki anaimwaga kuliko mimi ambaye kila siku najikwaa nikifika pale kwa Ponsyo Pilato. Mungu akipenda anapokea sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo.

Sasa juzi tunatoka misa ya pili kanishika mkono kaniuliza mama hivi mbona watu wakienda kupokea wewe unabakigi kwenye benchi, katekista kasema anayebaki ana dhambi kubwa. Jamani niliishiwa. Nikamwambia tumbo lilikuwa linauma. Yani nimemdanganya mtoto jumapili, hata geti la kanisa hatujatoka.

Ukweli ni kwamba mimi na baba yake tuna miaka 11, mahari alitoa, wazee wanajuana, ila ndoa ya kanisani hatujafunga, ndio maana sipokei. Mimi Mkatoliki wa Kibosho yeye Mlutheri wa Machame, wanaojua kule wataelewa, kila upande ulitaka tufungie kwake mwisho hatukufunga popote. Na yeye hili la komunyo halikatai ila ananichokoza, anasema nyie mnawapa watoto wadogo hawajui hata wanachokula, kwetu mtoto anasoma kipaimara kwanza ndio anasogea Chakula cha Bwana.

Sasa je mtoto anaweza kuzuiwa kwa ajili yangu? Wanataka kadi ya ubatizo (imepotea tulivyohama, alibatizwa Moshi) na barua ya jumuiya, na jumuiya kusema ukweli nahudhuria kwa kurukaruka. Na mtoto nimwambie nini? Halafu shangazi yake ameshafungua grupu la WhatsApp la michango, anataka ukumbi. Nisaidieni.

mzee_wa_kigango
Milele amina. Pole mwanangu, nimefundisha watoto wa komunyo miaka 19 na swali lako nimelisikia mara nyingi kuliko unavyodhani, sema wengi hawaulizi, wanahamisha tu benchi wanakaa nyuma mtoto asiwaone.

Mtoto hazuiwi kwa sababu ya ndoa ya wazazi. Sheria ya Kanisa kanuni ya 913 inachotaka ni mtoto awe anaelewa kiasi chake na ameandaliwa vizuri, apokee kwa imani na ibada, na ya 914 inaweka jukumu kwanza kwa wazazi na walezi, halafu paroko. Hakuna panaposema mama awe na cheti cha ndoa.

Kadi isikutishe. Kadi inapotea, kitabu cha ubatizo kinabaki parokiani. Piga simu ofisi ya parokia alikobatizwa, toa jina la mtoto, la wazazi, la msimamizi na mwaka, watatafuta. Kama kuna ndugu ana picha ya ile kadi kwenye simu, angalia ile namba ya LB (namba yake kwenye kitabu cha ubatizo), ukiwataja hiyo wanafungua ukurasa ule ule wala hamsumbuani.

Jumuiya anza wiki hii hii. Usije ukatokea siku ya kuomba saini ya mwenyekiti tu, sisi huwa tunawajua hao kwa namna wanavyobisha hodi.

Na hilo la "anayebaki ana dhambi kubwa", nasema kama katekista, hapo mwenzangu kateleza. Mtu anaweza kubaki kwa sababu chungu nzima, labda amekula njiani na saa moja ya kufunga haijatimia, labda anataka aungame kwanza, labda ni mgeni wala siyo Mkatoliki. Mtoto hatumfundishi kuhesabu mabenchi.

kimara_mwisho
Mimi nataka nimjibu shemeji wa Machame maana hoja yake siyo ya kitoto. Kihistoria hajakosea sana. Zamani hata kwetu watoto walisubirishwa, sehemu nyingi mpaka miaka 12 au 14. Aliyebadilisha ni Papa Pio wa Kumi, mwaka 1910, akatoa ile hati inayoitwa Quam singulari akasema mtoto akifika umri wa kutumia akili, kama miaka 7 hivi, apewe. Na hakuanzisha kitu kipya, Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Laterani wa Nne mwaka 1215 ulishazungumzia umri huo huo wa akili, watu wakaja kuupandisha wenyewe taratibu.

Kipimo alichoweka siyo mtoto aijue teolojia, ni aweze kutofautisha mkate wa Ekaristi na mkate wa chai kulingana na umri wake. Sasa binti wa miaka 10 anayemwaga Nasadiki si keshapita hapo zamani? Carlo Acutis yule aliyetangazwa mtakatifu 2025 alipokea ana miaka 7. Na ukitaka kumchosha kabisa shemeji mwambie ndugu zetu wa Makanisa ya Mashariki wanampa hata mtoto mchanga siku ile ile ya ubatizo 😄

dada_wa_Rombo
Dada yangu hii ni stori yangu kabisa, tofauti ni kwamba wangu ni Mlutheri wa Marangu. Miaka 8 nakaa benchi. Nilikuwa naenda misa ya kwanza ili watu wanaonijua wasinione, mpaka mwanangu wa kwanza alipoanza mafundisho ndio nikaona hii kona siwezi tena kuikwepa.

Nilichokuwa sijui, na nadhani na mumeo hajui, ni kwamba hatakiwi kubadili dhehebu. Ni ndoa ya mseto, paroko anaomba ruhusa kwa askofu. Wewe Mkatoliki ndio unaahidi kwamba utaishika imani yako na utafanya unavyoweza watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Yeye anaelezwa tu ile ahadi yako ili asije kusema hakujua. Wangu aliposikia hivyo alishusha pumzi, alidhani anaenda kusainishwa kuukana usharika wake! Ubatizo wake unatambulika, analeta cheti kutoka kwao. Kuna mafundisho ya ndoa, kuna matangazo (sisi tulitangazwa jumapili tatu), halafu padre na mashahidi wawili basi. Wala siyo lazima harusi. Sisi tulifunga jumamosi asubuhi, mchana tukala ndizi nyama nyumbani na soda, watu 14.

Ila usijiwekee kwamba lazima iwe kabla ya siku ya mtoto, utagombana na mwenzio bure. Kwangu ilichukua mwaka na nusu kwa sababu baba mkwe alinuna kwanza. Mwanangu alipokea mimi nikiwa bado nabaki benchi, nikafanya komunyo ya kiroho (unamwomba Yesu aje moyoni bila kupokea), nililia mpaka mama wa pembeni akanipa kitenge chake. Ukweli huo sikuficha.

Mtoto mwambie ukweli mfupi, mimi na baba bado hatujafunga ndoa kanisani, tunalishughulikia. Lakini ongea na baba yake kwanza, asije akasikia kwa mtoto mezani.

mjomba_asiyechangia
Mimi nakuja kwenye ukumbi tu. Mwaka juzi nimekula komunyo ya mtoto wa dada, kadi single elfu 50 double laki, MC, muziki, keki ngazi tatu, kreti mpaka mlangoni. Mtoto kaamshwa saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya nywele na misa, ikifika saa mbili usiku MC anaita "tunamkaribisha bibi harusi wetu mdogo" yuko hoi kwenye kiti kalala na shela lake, viatu keshavua. Keki ikakatwa na shangazi. Toa hiyo grupu. Pika pilau, mwalike katekista wake na watoto aliosoma nao, jioni kila mtu kwake. Watakuchukia wiki mbili, watasahau.

mama_mapacha
Hahaha mjomba umenimaliza, ila kweli. Dada, wakati wakubwa mnahangaika na ukumbi muulize mtoto anaogopa nini. Wangu hawakuwa na habari na gauni, walikuwa wanaogopa kitubio. Mmoja akaandika dhambi zake kwenye karatasi asisahau, karatasi ikabaki kwenye begi la shule, kaka yao akaisoma sebuleni kwa sauti. Vita! Kwa hiyo karatasi ni sawa ila akitoka kuungama ichanwe. Na mwambie padre hawezi kuisema kwa mtu yeyote, hata kwako, wangu hilo hawakuwa wanaliamini kabisa.

Halafu mazoezi nyumbani, mkono wa kushoto juu ya wa kulia, "Mwili wa Kristo", ajibu Amina, ale pale pale asitembee nayo. Pale kwetu waliwajaribisha kwa hostia (ile mikate ya komunyo) ambazo padre hajazigeuza kwenye misa ili siku yenyewe wasishtuke, pacha mmoja alisema ina ladha ya karatasi, bora alisemea mazoezini. Saa moja kabla asile kitu, maji na dawa hazina shida. Na gauni usishone kabla hujauliza, parokia nyingine wanataka wote wafanane.

mama_binti_Tabata
Narudi kushukuru. Moshi nimepiga, sista wa ofisini kapekua kanipata, kadi mpya inakuja na basi. Jumuiya nimeenda, nimepewa kusoma somo siku hiyo hiyo, nilitetemeka. Shangazi mtu amenuna, grupu limekuwa kimya.

Baba yake nimeongea naye jumamosi usiku. Hakusema kitu muda mrefu, nikajua imeharibika, halafu kaniuliza hicho cheti cha ubatizo wanataka cha zamani au wanataka kipya kutoka usharikani. Sijajua jibu, dada wa Rombo nakuja inboksi.

Na mtoto nimemwambia. Kanisikiliza, kaniuliza kwa hiyo siku ile tumbo halikuwa linauma? Nikasema halikuwa linauma. Akasema basi na hiyo ukaiungame.

mzee_wa_kigango
😂😂 Huyo mlete hata kesho.