Nishani ya Babu: gumzo la kikundi cha ukoo

Baba Mkubwa: Asalaam aleykum, wanangu. Katika rasimu ya historia ya ukoo sijaona palipoandikwa kwamba babu yangu alipewa nishani na Waingereza kwa kupigana Tanga mwaka 1914. Jambo hilo tumelisikia tangu utotoni. Kwa nini limeachwa?

Mimi: Waaleykum salaam, Baba Mkubwa, na shikamoo. Sikulipuuza. Nilimwomba Shangazi aitoe nishani sandukuni na kuipiga picha kwa karibu. Ni nyota ya ncha sita, na katikati, kuzunguka taji, pameandikwa "The Burma Star", yaani Nyota ya Burma, nishani ya waliopigana vita vya Burma (leo Myanmar). Chini ya taji kuna herufi GRI na namba VI, yaani Mfalme George wa Sita, ambaye alitawazwa baada ya mwaka 1936. Nishani hiyo ni ya Vita vya Pili, kwa hiyo haiwezi kuwa ya Tanga. Isitoshe, Waingereza walioteremka Tanga Novemba 1914 walileta vikosi vya Wahindi na batalioni moja kutoka kwao, ilhali askari Waafrika waliopigana pale walikuwa upande wa Wajerumani.

Binamu wa Mombasa: Basi si ya babu wa Baba Mkubwa, ni ya Babu yetu mwenyewe, aliyekuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Iangalie ubavuni, huenda jina lake limechongwa.

Mimi: Nimeangalia, hakuna kitu. Waingereza walizigawa nyota za vita ile bila majina, kwa hiyo yenyewe inatuambia vita gani tu, haituambii ilikuwa ya nani. Kinachomhusisha Babu ni hati yake ya kuachishwa jeshi, kama bado ipo.

Baba Mkubwa: Marahaba. Hati iliungua pamoja na nyumba ya zamani. Hata hivyo, msisahau kuandika kwamba alinusurika meli ilipozama na kuogelea usiku kucha.

Mimi: Hapo ndipo ninaposita, Baba Mkubwa. Meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944, mchana, ikazama kwa dakika chache tu, na watu wapatao 1,300 wakafa, wengi wao askari wa Afrika Mashariki. Usiku kucha haulingani na tukio hilo. Shangazi, wewe ulimsikia mwenyewe?

Shangazi: Marahaba, mwanangu. Nilimsikia, tena zaidi ya mara moja. Alikuwa akisema, "Tuliiona ikizama." Habari ya kuogelea niliisikia baadaye kwa watu wengine, baada ya yeye kufariki.

Mimi: Ahsante sana, Shangazi. Msafara ule ulikuwa na meli tano zilizobeba askari, na aliyekuwa katika mojawapo ya zile nne nyingine angeweza kusema maneno hayo hayo kwa ukweli kabisa.

Binamu wa Mombasa: Kuogelea kulikuwa kutamu zaidi kusimuliwa.

Baba Mkubwa: Usimdhihaki mzee. Andikeni maneno aliyoyasikia Shangazi, mtaje kwamba ni yeye aliyeyasikia, na la kuogelea liwekwe kando kama linavyosimuliwa. La Tanga nalo?

Mimi: La Tanga nitalitenganisha na nishani, Baba Mkubwa. Je, wewe ulilisikia kwa nani kwanza?

Baba Mkubwa: Kwa kaka yangu. Naye alilisikia kwa nani, sikuwahi kumuuliza.