Tupeane uzoefu: nani aliwahi kukutwa na dhoruba ziwani kipindi hiki cha vuli?

Dada wa Igombe
Habari zenu wapendwa. Usiku wa kuamkia leo mida ya saa tisa radi imepiga huku Igombe mpaka mabati yanatetemeka, nimeamka nikakaa kitandani sikulala tena. Mdogo wangu yuko kambi ya dagaa kisiwa cha Irugwa, Ziwa Victoria, giza la mwezi huu (zile siku zisizo na mbalamwezi, ndo za kuvua dagaa) wameanza juzi, na simu yake toka asubuhi haipatikani. Sitaki kuwaza mabaya ila kila ukifika Novemba hii roho yangu haitulii. Naomba waliowahi kukutwa na upepo ziwani waseme ilikuwaje na walifanya nini, hata kama ni kidogo. Nataka kujua yeye anapitia nini huko.

Msukuma Halisi
Pole dada. Irugwa mtandao huwa unakata mvua ikinyesha, usijipe presha bado.

Mhaya wa Kemondo
Sisi huku Kagera vuli tunaijua kwa saa. Mvua inakuja alfajiri, saa kumi kumi na moja, inatokea ziwani inakuja nchi kavu, unaona ukuta mweusi unatembea juu ya maji. Nilikuwa kwenye boti ya abiria kutoka Bumbire kurudi Muleba tumebeba ndizi, watu na mbuzi, ukuta ukatukuta katikati. Kina mama wakaanza kuimba pambio, nahodha akawapigia kelele wakae chini, wao wanasimama. Yaani ile kusimama ndo ilitaka kutuua, boti inalala upande kila mtu akikimbilia upande mmoja. Mzee mmoja akavua mkanda akaanza kuwachapa watu wakae. Walikaa. Tulifika.

Kijana wa Nkome
Huyo mzee apewe nishani

Mwl Jiografia
Naomba niweke kidogo kwa nini inakuwa usiku, maana wengi wanadhani ni mkosi wa mtu. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, upepo unatoka ziwani kwenda pande zote, mvua inapiga milimani mchana na jioni. Usiku inageuka. Nchi kavu inapoa, ziwa linabaki na joto lake, sasa pepo zinatoka Kenya, Uganda na kwetu zote zinaelekea katikati ya ziwa, zikikutana pale hewa yenye unyevu haina pa kwenda zaidi ya juu, ndo hiyo radi ya saa nane saa tisa. Halafu wingu linasukumwa na upepo wa mashariki kwenda magharibi ndo maana Bukoba na Muleba wanaamka nayo. Na mvuvi wa dagaa lazima awe ziwani usiku tena usiku wa giza, maana mbalamwezi ikitoka taa yake haivuti kitu. Saa ya kazi yake ndo saa ya dhoruba.

Dada wa Igombe
Asante mwalimu japo umenizidishia hofu.

Nyasa Boy
Vuli sijui nini, nyie njooni Kyela, Ziwa Nyasa, mwezi wa saba muone mwera. Upepo unatoka kusini siku tatu nne haulali, ziwa lina urefu wa kilomita zaidi ya 500, wimbi linaanza kujijenga mbali likifika kwetu limekuwa nyumba. Victoria ni bwawa tu.

Msukuma Halisi
Bwawa lenye kilomita za mraba zaidi ya 68,000? Mkuu kuwa na adabu, watu wana ndugu zao humo.

Nyasa Boy
Nimeongelea upepo sijatukana mtu. Victoria wastani wa kina ni mita 40 tu, Nyasa inafika mita 700.

Kijana wa Nkome
Kwani unazama mita ngapi ndo ufe? Mita mbili zinatosha. Na hicho kina kidogo ndo shida yenyewe, wimbi linakuwa fupi na limesimama, hujamaliza kupanda moja lingine limeshakufikia.

Bibi Harusi 77
Mimi nakumbuka ilivyozama meli ya MV Bukoba jamani, nilikuwa darasa la sita Mwanza, vile tulivyokuwa tunapelekwa

Mhaya wa Kemondo
Dada ile ilikuwa 21 Mei 1996 tena karibu kabisa na Mwanza, haikuwa dhoruba, ilikuwa meli imejaza watu kupita kiasi. Hata kivuko cha MV Nyerere kilichozama Septemba 2018 pale Ukara ni hivyo hivyo, watu wamezidi, wamebakiza mita chache kufika gatini. Tusichanganye, mada ni hali ya hewa.

Bibi Harusi 77
Kwa aliyefiwa hakuna kuchanganya. Nilipoteza shangazi.

Mhaya wa Kemondo
Pole sana dada. Nisamehe.

Karabai
Nimesoma toka juu nikafunga simu, nikaifungua tena. Mimi hii sijawahi kuiandika popote.

2011, Novemba, kambi yetu ilikuwa kisiwa cha Goziba. Tulikuwa wanne mtumbwini, nahodha, mimi, jamaa mmoja wa Sengerema na dogo mmoja ambaye lile lilikuwa giza lake la pili tu ziwani, alikuwa anatafuta hela ya bati za nyumba ya mama yake. Ziwa lilikuwa limelala kabisa. Dagaa wanakuja kwenye taa mpaka maji yanaonekana kama yanachemka, tumevuta mara mbili tumejaza nusu. Mida ya saa nane joto likawa la ajabu, upepo ukakata, mashati tukavua. Mashariki kukawa kunamulika bila sauti. Nahodha akasema tuvute mara moja ya mwisho tuondoke. Hakuna aliyebisha, hata mimi sikubisha maana dagaa walikuwa wengi.

Tukiwa tunavuta ukaja ubaridi. Upepo wa baridi kabisa, ghafla, kutoka mashariki, na karabai zetu zilizokuwa zinaelea zikaanza kuzimika moja moja, kama kuna mtu anapita anazipuliza. Nahodha akakata kamba ya taa na ya wavu, vyote vikaenda, akawasha injini akageuza kichwa cha mtumbwi kikabiliane na wimbi. Sisi tunachota maji, mimi na ndoo, dogo na kopo la rangi. Dagaa tukawamwaga. Radi ikipiga unaona wimbi lilipo, ikizima huoni hata mkono wako. Tulienda hivyo labda nusu saa, injini ikanywa maji ikazima, na injini ikizima mtumbwi unajilaza ubavu wenyewe. Wimbi la kwanza lilitujaza. La pili likatupindua.

Mtumbwi wa mbao hauzami, ulilala kifudifudi, injini ikavuta nyuma chini, mbele kukabaki nje. Tukapanda pale wanne. Dogo alikuwa ng'ambo ya mkuku na mimi huku, nimemshika kifundo cha mkono na yeye amenishika cha kwangu, ili wimbi likija mmoja awe nanga ya mwenzie. Alikuwa ananiuliza kumekucha? Namwambia bado kidogo. Sijui aliniuliza mara ngapi. Watu wanadhani Victoria maji yake ni vuguvugu, ni kweli ukiingia kuoga, sasa kaa humo masaa manne na upepo na mvua juu, mikono inakufa ganzi huwezi kujua umeshika nini. Ikafika wakati haulizi tena. Nikamwambia mimi mwenyewe, dogo kunakucha, na kweli mashariki kulikuwa kumeanza kuwa kweupe. Likaja wimbi si kubwa, la kawaida tu. Nilipofuta macho mkono wangu ulikuwa hauna kitu.

Tuliokotwa saa tatu na wavuvi wa sangara waliokuwa wanafuata nyavu zao. Dogo alipatikana siku ya tatu. Nilienda kwa mama yake na hela ya lile giza, yake na yangu, akanikaribisha uji. Hakuniuliza kitu. Bati zilipigwa mwaka uliofuata. Ziwani sikurudi.

Kijana wa Nkome
Daah

Bibi Harusi 77
Nimelia hapa ofisini. Pole sana kaka.

Mkaa Chonjo
Pole ila swali, jaketi okozi hamkuwa nazo? Maana kila mwaka tunaambiwa vaeni hamvai halafu tunasomeana hadithi za huzuni.

Msukuma Halisi
Wewe una roho gani? Mtu ameeleza kifo unamuuliza maswali ya polisi.

Mkaa Chonjo
Nauliza ili mdogo wake dada hapo juu apone. Kulia hakumsaidii.

Karabai
Acheni aulize, ni swali la haki. Jaketi zilikuwepo mbili. Tulikuwa tumezikalia kwa sababu mbao za mtumbwi zinaumiza, tulipopinduka zilielea zikaenda na upepo. Ukivaa unavuta wavu kwa shida, joto, wenzio wanakuona mwoga. Basi. Hakuna sababu nyingine.

Baba Wawili Mbita
Huku Mbita, Kenya, ni vile vile wandugu. Omena, ndo hao dagaa wenu, tunavua usiku, upepo ukianza watu wanakimbilia nyuma ya kisiwa wanangoja. Mimi shida yangu ilikuwa gugumaji. Tulitoka Mfangano jioni upepo ukasukuma hilo gugu likafunga njia, propela ikashikwa, tukalala hapo katikati usiku mzima mvua inatunyeshea. Lakini nitasema ukweli, hilo gugu lilituliza mawimbi, tungekuwa maji wazi sijui.

Wa Kivu
Sisi huku Goma, Ziwa Kivu upande wa Kongo, dhoruba na kupakiza kupita kiasi vinakuja pamoja. Oktoba 2024 boti ilitoka Minova ikazama karibu ya Kituku, watu walikuwa wanaiona toka ngambo. Toka ile siku mimi napita barabara hata kama ni mbaya.

Mama Sato
Ushauri wangu kwa mdogo wako auze mtumbwi anunue mbuzi, mbuzi hazami.

Msukuma Halisi
Mbuzi anakufa na kiangazi mama, na mtumbwi wenyewe ni wa tajiri.

Mhaya wa Kemondo
Kwetu Bukoba Novemba ina kidonda kingine pia. 6 Novemba 2022 asubuhi hali ya hewa mbaya, ndege ikaangukia ziwani karibu kabisa na uwanja. Walikuwa 43, tukapoteza 19. Waliofika wa kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao ya makafi. Mimi toka siku ile mtu akisema wavuvi ni wahuni nanyanyuka nampa jibu lake.

Mvuvi Mstaafu Ukara
Wajukuu nisikilizeni. Joto likizidi usiku na upepo ukakata, toka. Usisubiri kuona umeme. Wingu likiwa na kitako cheusi na chini yake kuna mstari mweupe juu ya maji, huo mstari ni upepo tayari unakuja. Usikimbilie nchi kavu kama ni mbali, tafuta kisiwa, kaa upande usiopigwa. Kwenye miamba usikaribie.

Kijana wa Nkome
Babu siku hizi kuna utabiri wa TMA, wale wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, mpaka wa ziwani, unasoma tu kwenye simu.

Mvuvi Mstaafu Ukara
Simu haisikii ubaridi kwenye shingo.

Mwl Jiografia
Vyote viwili babu. Utabiri ukisema upepo mkali usitoke kabisa, ukisema shwari bado angalia wingu. Shida ninayoiona mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, taarifa inafika kwa tajiri mwenye mtumbwi, kwa mvuvi haifiki, au inafika ameshasukuma mtumbwi.

Mkaa Chonjo
Na mkipinduka musiogelee. Kaeni na mtumbwi.

Nyasa Boy
Inategemea. Mimi niliogelea nikapona, wenzangu waliobaki na mtumbwi walisukumwa kwenye mawe.

Karabai
Ulikuwa unaona nchi kavu?

Nyasa Boy
Ndiyo, mita kama mia mbili.

Karabai
Basi hiyo ni nyingine. Usiku Goziba hakuna unachokiona, ukiachia mtumbwi umekwisha. Na mjifunge kamba, si kushikana mikono. Mikono inachoka.

Dada wa Igombe
Wapendwa amepiga!!! Dakika kumi zilizopita. Wako wazima wote. Anasema walikata kamba wakakimbilia nyuma ya kisiwa, wamepoteza taa tatu na wavu umechanika, wamelala kwenye mawe wamelowa mpaka asubuhi, simu ililowa ndo maana. Mungu ni mwema, asanteni kwa kukaa na mimi.

Bibi Harusi 77
Atukuzwe!

Msukuma Halisi
Si nilikwambia ni mtandao. Shukuru Mungu dada

Dada wa Igombe
Ila kuna jambo. Anasema wameazima taa kambi ya jirani na wavu wanauziba sasa hivi, leo wanatoka tena. Tajiri amesema hasara ya taa wataifidia kwenye giza hili hili kabla mbalamwezi haijarudi. Nimemwambia asiende amesema akibaki anakatwa fungu lake lote. Nimwambieje?

Kijana wa Nkome
Mwambie aende ila avae jaketi, kazi ni kazi.

Mama Sato
Asiende! Fungu atapata giza lijalo.

Mhaya wa Kemondo
Mwambie aangalie utabiri wa leo kwanza. Kama ni mbaya nahodha mwenyewe atakataa.

Karabai
Nahodha wangu alikuwa anajua kuliko wote na hakukataa. Dada hao wanasukuma mtumbwi saa kumi na moja jioni, saa hizi ni saa nane. Mpigie tena sasa hivi, muombe akupe nahodha uongee naye mwenyewe.