Mrejesho: madoa ya mchochota wa mishipa ya damu (vaskulitisi) miguuni kwa ami, Lamu

Assalaam aleykum. Niliuliza hapa kuhusu ami aliyetokwa na madoa ya zambarau miguuni, yenye vinundu ukipapasa, siku nane baada ya kuanza antibiotiki. Ahsanteni nyote, hasa aliyesema tuyabonyeze kwa bilauri: hayakufifia, kumbe damu ishavuja nje ya mishipa.

Daktari aliisimamisha dawa ile, na hilo ndilo lililofaa zaidi. Mkojo umepimwa damu na protini mara tatu, presha pia. Figo salama, ila vipimo vinaendelea miezi kadhaa kwani figo huweza kuguswa baadaye. Miguu inalazwa juu ya mito ya sufi ipite usawa wa moyo. Kukaa barazani miguu ikining'inia kuanzia alasiri hadi isha kumekatazwa (hapo ndipo penye ugomvi). Madoa mapya yalikoma wiki ya tatu.

Kolchisini (dawa ya kutuliza mchochota) miligramu 0.5 mara mbili kwa siku ilimharisha, daktari akaipunguza iwe mara moja. Soksi za kubana hazivaliki kwa joto hili. Anafungwa bendeji ya kuvuta kutoka vidoleni hadi chini ya goti, mapigo ya mguu yakishahakikiwa. Kinyama cha ngozi cha kupimwa kilikatwa Mombasa kwenye doa la siku sita, majibu yakawa hayaeleweki. Kichukuliwe kwenye doa lisilozidi saa 48.

Rangi ya kahawia ingali vifundoni. Ni chuma cha damu iliyovuja, hufifia polepole.