Amri Kumi ukutani darasani: mizizi ya sheria za Magharibi, au siasa tu?

Mleta mada: Wakuu, Juni 2024 gavana wa Louisiana, Jeff Landry, alitia saini sheria inayotaka kila darasa la shule ya umma libandikwe Amri Kumi, bango lisilopungua inchi 11 kwa 14. Watetezi wanasema hizo ndizo msingi wa sheria za Magharibi. Familia kadhaa, za Kiyahudi zikiwemo, zikaenda mahakamani.

Binafsi naona Wayahudi wameiathiri Magharibi mno, ila hawa watetezi wa bango wanautafuta mchango huo mahali pasipo. Kuiba na kushuhudia uongo, mfalme Hammurabi wa Babeli alikwisha kuviadhibu. Usitamani? Hakimu gani atakufunga kwa hilo? Kilichokuwa kigeni kweli ni Sabato. Seneca, Mroma mwenye mashamba na watumwa, aliwabeza Wayahudi kwamba wanapoteza sehemu ya saba ya maisha yao bila kazi. Torati inampumzisha mtumwa, mgeni, mpaka punda! Halafu kuna mfalme kuwekwa chini ya sheria: nabii Nathani anamkabili Daudi, "Wewe ndiwe mtu huyo," na kichwa cha Nathani kinabaki mabegani.

Mchangiaji 1: Mkuu, unakwepa mzizi wenyewe. Miungu ya Wagiriki ilizini na kugombana. Ungeikimbilia ikuamulie haki? Mungu mmoja maana yake kipimo kimoja, kwa mfalme na kwa mchunga mbuzi. Hata John Locke, mwanafalsafa Mwingereza, alipopinga madai kwamba wafalme wamerithi mamlaka ya Adamu, alibishana kwa aya za kitabu cha Mwanzo. Bango libaki.

Mchangiaji 2: Mbona Roma mmeisahau? Sheria za mikataba na mirathi za nusu ya Ulaya zimetoka kwa Justinian, mfalme wa Roma, si Sinai. Na amri inayokataza miungu mingine haikai nyumba moja na katiba inayoruhusu kila dini. Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta sheria ya namna hii ya Kentucky mwaka 1980.

Mleta mada: Mchangiaji 1, soma bango lenyewe. Linasema "Mimi ni Bwana, Mungu wako," kisha linaruka. Kutoka 20 inaendelea: "niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa." Kwa hesabu ya Wayahudi, mstari huo ndio wa kwanza katika yale kumi. Na ndio uliowawasha Wamarekani: mwaka 1776 Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani, alipendekeza muhuri wa taifa wenye Farao akizama baharini, na Harriet Tubman, aliyetorosha watumwa, aliitwa Musa. Louisiana, jimbo lililokuwa na mashamba ya watumwa, inabandika amri bila Misri. Hiyo ndiyo historia mnayoitetea?

Mchangiaji 1: Na wakiubandika mzima, utaunga mkono?

Mleta mada: Usomwe kwenye kipindi cha historia, watoto waulize maswali. Ukutani, kwa amri ya gavana, bado sitaki.