Kazi ya kusimamia utafiti hospitalini Kisumu, mtu wa uhasibu ataweza?

NyarKondele: Wadau hamjambo. Niko Kisumu, nimesomea uhasibu na kwa sasa niko sacco moja hapa mjini. Nimeona tangazo la hospitali kubwa wanatafuta mtu wa ofisi ya utafiti, mambo ya granti, bajeti, na kamati ya maadili. Mimi si daktari wala nesi. Naogopa nitakuwa tu wa kubebea madaktari makaratasi. Aliye ndani anieleze ukweli.

MamaTom_KSM: Dadangu omba hiyo kazi, wanakuhitaji wewe kuliko unavyodhani. Daktari anaijua malaria kutoka juu hadi chini lakini akiandika bajeti anasahau mafuta ya kwenda Siaya, nauli ya washiriki, jenereta ya friza ya sampuli stima ikipotea, na pesa ikishatoka huwezi kurudi kwa mfadhili kama mtoto aliyesahau chenji dukani. Halafu kila mfadhili na sheria zake. NIH, yaani taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, kwa kawaida inalipa taasisi za nje gharama za uendeshaji 8% tu, kwa hivyo kodi ya ofisi, intaneti, mshahara wa mhasibu, vyote vinabanana hapo. Usipoyajua hayo mapema hospitali ndiyo inaumia.

Otis_Kisian: Kweli, lakini usidhani ni pesa tu. Nusu ya kazi ni kulinda wagonjwa. Kibali cha kamati ya maadili kwa kawaida ni cha mwaka mmoja, kikiisha hujaomba upya utafiti unasimama, na leseni ya NACOSTI, ile tume ya serikali inayoruhusu utafiti Kenya, nayo ina tarehe yake. Halafu fomu za ridhaa, ziko za Kiingereza, Kiswahili na Dholuo, na chini ya kila ukurasa kuna nambari ya toleo na tarehe. Nesi akichukua toleo la zamani kwa droo mama akaweka kidole gumba hapo, huyo mama ameridhia kitu ambacho si chenyewe, na ni lazima kamati iambiwe. Mimi hukagua droo mwenyewe. Fanya kozi ya GCP, yaani kanuni za kufanya utafiti wa tiba kwa binadamu, kwa mtandao kabla ya intavyuu, cheti kinasaidia.

Kamau_Nakuru: Uliza kandarasi ni ya nani. Kama mshahara unatoka kwa mradi mmoja, mradi ukiisha na wewe umeisha. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, watu wengi wa miradi ya afya walibaki nyumbani bila notisi ya maana. Nafasi inayolipwa na hospitali yenyewe hata ikiwa na mshahara mdogo ni afadhali, hasa kama una watoto shuleni.

NyarKondele: Asanteni sana. Tangazo linasema miaka miwili, inaweza kuongezwa. Kwa CV ya sacco niweke nini mbele?

MamaTom_KSM: Weka ukaguzi. Kama umewahi kukaa na wakaguzi wa hesabu ukawatolea vocha moja moja mpaka wakaridhika, andika hiyo kwanza. Nitumie inbox nikuangalilie kabla hujatuma.