Masikio ya Makorora: gumzo la spika zisizo na koni

Kombo: Shikamooni wakubwa. Kuna jamaa anarudi kutoka Uingereza anauza Quad ESL-63 jozi, zile za panelo, hazina koni wala koili. Anataka jibu leo usiku. Nichukue?

Fundi Bakari: Marahaba. Muachie

Zuhura: Fundi toa sababu basi, usimkatishe tamaa hivo. Mi hizo nimezisikia kwa shemeji Nairobi, aliweka taarab ya zamani, yani pumzi ya mwimbaji kabla hajaanza ubeti unaisikia, kidole cha mpiga kanuni kinavoachia uzi unakisikia. Kwenye spika ya boksi sijawahi kupata kitu kile

Fundi Bakari: Hilo sibishi dada. Spika ya kawaida tangu wahandisi Rice na Kellogg walivoonyesha yao Marekani 1925 ni ileile tu, koili inasukuma koni katikati, kingo zinafuata kwa kuchelewa, ukipanda masafa ya juu koni inajipinda yenyewe unaanza kusikia vitu havimo kwenye rekodi. Quad ni plastiki nyembamba kuliko unywele, imechajiwa volti elfu kadhaa, imewambwa katikati ya bamba mbili zenye matundu na inasukumwa eneo zima kwa mpigo mmoja. Peter Walker, mwanzilishi wa Quad, alitoa ya kwanza 1957, hiyo 63 ikaingia sokoni 1981, humo kaweka duara ndani ya duara, kila moja inapewa mziki kwa kuchelewa kidogo mpaka sauti inasikika kama inatoka nukta moja nyuma ya panelo. Mi yule mzee namheshimu sana

Kombo: Sasa si ndo nichukue

Fundi Bakari: Unakaa Tanga mdogo wangu. Upepo wa bahari unaingia mpaka sebuleni. Volti kubwa na unyevu haviivi, na panelo ikishachajiwa inavuta vumbi. Chaji inavuja, upande mmoja unafifia, halafu zinaanza tiki tiki za cheche. Na panelo nyingi za umri ule gundi yake imeshaachia. Nani atakuja kuzigundisha hapa?

Anko Rajabu: Mi nauliza besi tu. Ina besi?

Zuhura: Ipo anko, safi, ila haikupigi kifuani

Fundi Bakari: Anko hesabu ya besi haina huruma. Ukishuka kutoka Hz 80 (mitikisiko 80 kwa sekunde) mpaka 40, kwa sauti ileile, koni lazima iende mbele na nyuma mara NNE zaidi. Ile plastiki ina nafasi ya milimita chache tu kabla haijagusa bamba. Halafu panelo inatoa sauti mbele na nyuma, chini kabisa zinakutana pembeni zinafutana, ndo maana usiibandike ukutani, iache mita moja na zaidi

Kombo: Mita moja 😳 hapo kochi la mama linaenda wapi

Salma wa Duka: Kuna ile isiyo na kitu kinachocheza kabisa, ya plasma, moto mdogo wa umeme ndo unatikisa hewa

Fundi Bakari: Ipo kweli, tena tamu, hakuna uzito wa kusukuma. Ila inatoa ozoni, chumba kinanuka na kifua hakipendi. Hill Plasmatronics za miaka ya 70 walitumia heliamu ya mtungi, mtungi ukiisha na muziki umeisha. Sebuleni mwangu haiingii

Zuhura: Mi nasema twita ya mikunjo, yani kispika cha sauti za juu. Aliibuni Oskar Heil, Mjerumani aliyehamia Marekani, kampuni ya ESS wakaanza kuiuza miaka ya 70. Filamu imekunjwa kunjwa ndani ya sumaku, mikunjo inabana na kuachia hewa kama akodioni, hewa inatoka kwa kasi kuliko filamu yenyewe inavocheza. Haitaki volti elfu, haisumbui amplifaya. ADAM wa Berlin wanaziweka kwenye spika za studio mpaka leo

Fundi Bakari: HAPO sasa tunaongea. Chukua hiyo, chini weka wufa, spika ya besi, ya koni ya inchi 8 kwenye boksi zuri, wakabidhiane sauti kwenye Hz 2500 au 3000. Panelo nzima hata ikipona bahari itakusumbua kwenye amplifaya, masafa yakipanda ukinzani wake unashuka sana, amplifaya dhaifu inalia

Zuhura: Ila fundi kubali, ule ukweli wa sauti ya mtu kwenye Quad hiyo twita haiufikii, maana sehemu kubwa ya sauti ya mtu iko chini ya hapo, bado itatoka kwenye wufa ya karatasi

Fundi Bakari: Nakubali dada. Nakubali kabisa. Ndo maana hiyo wufa tusichague kwa bei

Anko Rajabu: Kombo mjibu jamaa wa watu asingoje. Mbao za boksi ninazo, mninga mkavu

Fundi Bakari: Mninga tupambie nje anko, boksi lenyewe MDF, ubao wa unga wa mbao. Kombo nitumie urefu, upana na kimo cha sebule, na kochi limekaa ukuta gani

Kombo: Nachukua tepu saa hii